Fundi Nyumbani: rangi ya njano, betri ya sola na limau lisilotosha

Barua tatu za mwezi huu zinahusu kemikali, kwa hiyo tunatanguliza neno moja. Haidrojeni peroksaidi ya saluni, siki na asidi ya unga ni vitu vya kawaida, lakini jicho halina spea. Nunua miwani ya plastiki na glavu kabla ya kununua kitu kingine chochote.

SWALI: Mjomba aliniletea Super Nintendo, konsoli ya zamani ya gemu, kutoka Uingereza. Kava la juu limekuwa la njano kabisa, la chini bado la kijivu. Nimelisugua na jiki mara mbili, hakuna kilichobadilika. — Kawempe

JIBU: Acha jiki. Njano hiyo si uchafu uliokaa juu, ni plastiki yenyewe iliyobadilika. Kava hizo ni za ABS, aina ya plastiki ngumu, iliyochanganywa na kemikali za kuzuia moto, na mwanga na hewa vya miaka mingi huigeuza rangi kutoka ndani. Kava la juu na la chini zilitoka katika michanganyiko tofauti ya plastiki, ndiyo maana moja limegeuka na jingine halijageuka. Jiki haligusi tatizo hilo, na likibaki kwenye mifereji ya kava kisha ukamwagia siki, itatoka gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Osha kava kwa maji mengi ya sabuni mpaka harufu ya jiki iishe kabisa.

Dawa yake ni peroksaidi pamoja na jua. Nenda duka la vifaa vya saluni uombe krimu ya kufungulia rangi ya nywele iliyoandikwa "40 vol". Hiyo ina peroksaidi asilimia 12. Ya "20 vol" ina asilimia 6, nayo inafanya kazi ila polepole.

Fungua konsoli kwanza. Skrubu zake zina kichwa kisicho cha kawaida na zinahitaji bisibisi ya milimita 4.5 ya konsoli, ya 3.8 ni ya kaseti. Ukiikosa, chukua kalamu ya biki, toa mrija wa wino, pasha ncha ya plastiki mpaka ilainike, ikandamize juu ya skrubu, subiri ipoe na iwe ngumu, kisha zungusha taratibu. Inafungua skrubu ambayo haikukazwa sana. Toa bodi, springi na kila kipande cha chuma, kwa sababu peroksaidi huleta kutu. Lebo ya karatasi ifunike vizuri kwa selotepu.

Paka krimu kwa brashi, unene sawa kila mahali, kisha funga kava lote kwa nailoni ya kufungia chakula. Weka juani saa nne asubuhi. Kila baada ya nusu saa geuza kava, na ukande nailoni kwa vidole ili krimu isogee. Hapa ndipo wengi huharibu: krimu ikikauka sehemu moja na kubaki mbichi sehemu nyingine, unapata michirizi myeupe isiyotoka tena. Jua letu la ikweta lina nguvu, kwa hiyo usiliache kava peke yake ukaenda sokoni. Kukaa juani kwa muda wa saa nne hadi sita hutosha. Likibaki na njano kidogo, rudia siku nyingine.

Kama unaogopa michirizi, tumia njia ya kuzamisha. Nunua peroksaidi ya asilimia 6 duka la dawa, changanya na maji kiasi kilekile upate asilimia 3, mimina kwenye ndoo ya plastiki inayopitisha mwanga, zamisha kava lote, weka jiwe safi juu lisielee. Usifunge mfuniko ukakaza, maana peroksaidi hutoa oksijeni na chombo kilichofungwa kinaweza kupasuka. Njia hii inakula dawa nyingi na inachukua siku nzima, lakini rangi hutoka sawa. Peroksaidi ikikugusa ngozi itaweka doa jeupe na kuchoma. Osha kwa maji na litapotea. Fahamu pia kwamba njano inaweza kurudi baada ya miaka, hasa ukiweka konsoli dirishani.

SWALI: Huku hatuna umeme wa gridi. Nina paneli ya sola na betri ya volti 12. Je, PS2 nyembamba inaweza kuchezwa moja kwa moja kutoka kwenye betri? Adapta yake ilishakufa. — Yumbe

JIBU: Inaweza, lakini si moja kwa moja, kaka. Soma maandishi ya adapta yako iliyokufa: volti 8.5, ampea 5.65. Betri ya "volti 12" ni 12 kwa jina tu. Jua likiwa kali na chaja ikiwa inajaza, betri hupanda mpaka 14.4. Ukiunganisha waya moja kwa moja unaipa konsoli zaidi ya mara moja na nusu ya inachotaka, na kinachoungua kwanza ni sehemu ndogo za kugawa umeme karibu na tundu la waya. Pia hakikisha modeli. Ukiona SCPH-70000 au 77000 chini yake, hiyo ni ya adapta ya nje na maelezo haya yanakuhusu. SCPH-90000 ina mtambo wa umeme ndani na inataka umeme wa ukutani, kwa hiyo hiyo iendeshe kwa inveta.

Unachohitaji ni kigeuzi cha kushusha volti za DC. Chenye chipu ya LM2596 ndicho rahisi na kinapatikana kila mahali, lakini mwisho wake ni ampea 3, na kikifika hapo kinachemka. Tafuta chenye XL4016, kinachotajwa kwa ampea 8. Ukikitumia kwa 4 au 5 kitadumu, mradi vipande vyake vya alumini vya kupoza visifunikwe kwa kitambaa.

Kata waya wa adapta iliyokufa ili utumie kichwa chake cha asili. Kabla ya kukata, angalia mchoro mdogo kwenye adapta unaoonyesha nguzo ipi iko katikati, kisha pima kwa mita waya upi unakwenda katikati. Ukikosea hapo, konsoli itakufa mara moja.

Funga fyuzi ya ampea 7.5 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Haina kazi ya kulinda konsoli. Inalinda nyumba: betri ya risasi yenye waya zilizogusana hutoa mamia ya ampea na kuyeyusha waya juu ya nyasi za paa. Waya uwe wa milimita mraba 2.5 na usizidi mita 3. Mwembamba zaidi utapoteza volti njiani, na konsoli itajizima diski inapoanza kuzunguka.

Sasa rekebisha kigeuzi bila konsoli. Washa, weka mita kwenye matokeo, zungusha skrubu ndogo ya shaba mpaka isome 8.5. Skrubu hiyo huzunguka mara nyingi kabla ya kitu kubadilika, usidhani imeharibika. Kisha unganisha balbu ya mbele ya bodaboda, ya wati 35, iache iwake dakika 20 huku ukipima. Volti zikibaki kati ya 8.3 na 8.6, na chipu haikuunguzi kidole, unganisha PS2. Mwisho, weka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili watoto wasiizungushe.

Kuhusu muda: betri ya risasi ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu, vinginevyo itakufa ndani ya mwaka. Nusu yake ni wati-saa 600. Tuseme PS2 na runinga ndogo ya volti 12 zinakula wati 60 pamoja. Hesabu inatoa saa 10, na ukiondoa kinachopotea kwenye kigeuzi na waya, panga saa 8.

SWALI: Nina kibanda cha gemu. Padi za PS4 zinakwenda zenyewe kushoto, mchezaji anakimbia bila kuguswa. Fundi mmoja alinipulizia spiriti, ikapona wiki moja. — Jinja

JIBU: Ilipona kwa sababu vumbi lilitoka. Ilirudi kwa sababu tatizo si vumbi. Chini ya kila kijiti kuna potenshiomita mbili, na ndani ya kila moja kuna njia nyembamba ya kaboni inayosuguliwa kila kijiti kinaposogea. Kwenye kibanda, ambako padi inachezwa kutwa, kaboni hulika. Pima ukitaka uhakika: konsoli ikiwa mbali na betri ya padi imechomolewa, pima pini mbili za pembeni za potenshiomita, utapata karibu kiloohmu 10. Pini ya katikati na ya pembeni zisome karibu nusu, kijiti kikiwa kimetulia. Sogeza kijiti polepole. Namba zikirukaruka, kaboni imekwisha na hakuna spiriti itakayoirudisha.

Kuhusu spiriti yenyewe: ile ya kupaka ngozi ya duka la dawa ina mafuta ya mbarika ndani yake, na inaacha utando unaokusanya vumbi. Jeli ya kusafishia mikono ina gliserini. Waragi ni asilimia 40 ya kileo, mengine ni maji. Omba isopropili ya asilimia 99 kwa wauza vifaa vya mafundi wa simu. Chupa moja ndogo inasafisha padi nyingi.

Kubadilisha kijiti kizima ndiyo tiba. Kina miguu 14 iliyolehemiwa: 6 ya potenshiomita, 4 ya kitufe cha kubonyeza, 4 ya fremu. Risasi ya kiwandani haina madini ya risasi ndani yake na inayeyuka kwa shida, kuanzia nyuzi 217. Ongeza kwanza risasi ya kawaida ya 63/37 (bati asilimia 63, madini ya risasi 37) kwenye kila mguu. Mchanganyiko utayeyuka mapema na utanyonyeka vizuri. Chuma cha kulehemu kiwe nyuzi 350, na usikae kwenye mguu mmoja zaidi ya sekunde 3 au 4. Miguu ya fremu ndiyo migumu, kwa sababu shaba pana ya bodi hunyonya joto. Usivute kwa nguvu: vijishimo vya bodi hung'oka na utalazimika kuunganisha kwa waya mwembamba kama unywele.

Kwa kibanda tunashauri vijiti vya sumaku, vinavyoitwa Hall. Havina kaboni ya kulika. Vinagharimu zaidi na lazima vifanyiwe urekebishaji wa katikati, kwa sababu padi imehifadhi kipimo cha kijiti cha zamani kwenye kumbukumbu yake. Kazi hiyo hufanyika kwa kompyuta na waya wa USB. Ukiruka hatua hiyo utadhani umeuziwa vibovu.

SWALI: Wanangu waliacha betri kwenye padi ya Xbox likizo nzima. Zimetoa unga mweupe na padi haiwaki. Nisafishe na siki au bekingi soda? Kila mtu ananiambia lake. — Mama wa watatu, Mbale

JIBU: Mama, wote wamesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia betri tofauti. Soma kwenye betri yenyewe. Ikiandikwa "Alkaline", kilichovuja ni aina ya magadi makali, na dawa yake ni asidi: siki nyeupe, au maji ya limau. Ikiandikwa "Heavy Duty", hiyo ni ya zinki na kaboni, uvujaji wake una uchachu, na dawa yake ni bekingi soda, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe cha maji.

Vaa glavu, toa betri, kwangua unga mkavu kwa kijiti cha meno huku padi imeinamishwa ili usiingie ndani. Chovya pamba ya kijiti kwenye dawa, ikamue, paka chuma tu. Itachemka povu kidogo. Ikiacha kutoa povu, imemaliza. Futa kwa pamba yenye maji safi, kisha kwa isopropili, acha ikauke usiku mzima. Wengi huacha siki humo wakiamini wameshamaliza, nayo huendelea kula chuma. Springi iliyooza isisumbue: chomoa nyingine kutoka kwenye rimoti mbovu. Na kama watoto wanacheza sana, betri za kuchaji za NiMH zinafaa padi hiyo ingawa ni volti 1.2 badala ya 1.5.

SWALI: PS3 nene inawaka taa ya njano kisha inazima. Rafiki anasema niweke bodi kwenye oveni ya keki dakika 10. Sina oveni, nina sigiri. — Gulu

JIBU: Usifanye hivyo, iwe kwenye oveni au kwenye sigiri. Risasi ya bodi hiyo inaanza kuyeyuka nyuzi 217, wakati kapasita nyingi zilizo juu yake zimetengenezwa kwa mwisho wa nyuzi 105. Oveni ya jikoni haishiki joto sawasawa, na sigiri haina kipimo kabisa. Moshi wa bodi pia unabaki ndani ya oveni mnamopikwa chakula. Ni kweli kwamba bodi iliyookwa wakati mwingine huamka. Hukaa siku kadhaa au wiki, kisha hulala tena, kwa sababu ubovu mara nyingi uko ndani ya chipu ya picha au kwenye kapasita zilizo karibu nayo, na joto huficha tu ufa.

La kufanya: fungua, toa vumbi, futa pasta ya joto iliyokauka juu ya chipu mbili kubwa, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Dawa ya meno haifai, maji yake hukauka ndani ya siku chache. Ikiwaka hata mara moja, saa hiyohiyo nakili kwenye flashi gemu ulizohifadhi. Diski ngumu iliyo ndani ya PS3 imefungwa kwa siri ya konsoli hiyo moja. Ukiihamishia PS3 nyingine haisomeki.

SWALI: Tunajifunza kuchora bodi za saketi shuleni. Feriki kloridi, dawa ya kula shaba ya bodi, ni ghali na inachafua. Tumesikia limau na peroksaidi vinakula shaba. Tumejaribu maji ya limau, saa tatu nzima, shaba ipo vilevile. — Kundi la wanafunzi, Mbarara

JIBU: Wazo lenu ni sahihi, kipimo ndicho kilichowaangusha. Lita moja ya maji ya limau ina takriban gramu 47 za asidi ya sitriki. Mchanganyiko unaofanya kazi unataka gramu 30, yaani zaidi ya nusu lita ya maji ya limau, na hapo peroksaidi yote imezimuliwa na maji. Nunueni asidi ya sitriki ya unga. Wauza vifaa vya keki na juisi wanayo.

Kipimo: mililita 100 za peroksaidi ya asilimia 3, gramu 30 za asidi ya sitriki, gramu 5 za chumvi ya mezani. Kama duka la dawa lina ya asilimia 6, chukueni mililita 50 mwongeze 50 za maji. Yeyusheni asidi kwanza, chumvi iwe ya mwisho. Peroksaidi ndiyo inayoipa shaba oksijeni, asidi inaibeba shaba ikiwa imeyeyuka, na chumvi inafungua njia. Bila chumvi mtangoja mpaka jioni. Kiasi hicho kinatosha bodi ya upande mmoja ya sentimita 10 kwa 10 yenye shaba ya mikroni 35. Bodi kubwa zaidi, ongezeni vyote kwa uwiano uleule.

Mchoro uchapwe kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa. Mkiwa Kampala, Nasser Road hakuna duka lisiloweza. Ya wino haifai, maana kinachohitajika ni tona, ambayo ni plastiki inayoyeyuka na kuifunika shaba isiliwe. Maandishi yaonekane kinyume kwenye karatasi ili yakae sawa kwenye shaba. Sugueni bodi kwa stilwaya mpaka ing'ae, futeni kwa isopropili, msiiguse tena kwa vidole. Lazeni karatasi juu ya shaba, tona ikiwa chini. Pasi iwe kwenye kipimo cha pamba bila mvuke, kandamizeni dakika 4, kisha loweka kwenye maji vuguvugu dakika 10 na msugue karatasi itoke. Mstari uliokatika uzibeni kwa kalamu ya maka isiyofutika.

Tumieni bakuli la plastiki au kioo, nje au penye dirisha wazi. Maji yatageuka buluu ya kijani na kutoa viputo. Tikiseni taratibu, dakika 15 hadi 30. Yakichemka povu na kupata moto, mmezidisha peroksaidi: toeni bodi, ongezeni maji, la sivyo tona itabanduka. Changanyeni mnachotumia siku hiyo, kwa sababu kesho peroksaidi itakuwa imekwisha, na msikifunge kwenye chupa. Tona hutolewa kwa asetoni ya kutolea rangi ya kucha, baada ya bodi kuoshwa na kukauka kabisa.

Maji ya buluu yaliyobaki yana shaba, na shaba huua samaki na mimea. Msiyamwage mfereji wa shule wala bustanini. Yawekeeni stilwaya au misumari isiyopakwa zinki, mwache siku mbili. Shaba itaganda juu ya chuma kama matope mekundu na buluu itapotea. Chujeni kwa kitambaa, matope yakaushwe na yatunzwe kwenye kopo pamoja na vifaa vibovu vya umeme vya kupelekwa kwa wakusanyaji. Maji yaliyochujwa yazimueni kwa ndoo mbili za maji na myamwage chooni, mbali na kisima.

SWALI: Nina Free McBoot (programu ya kadi ya kumbukumbu inayofungua programu zisizo za Sony) kwenye PS2. Gemu nilizonakili kutoka diski zangu zinacheza kwa flashi, lakini video za hadithi zinakwama. — Entebbe

JIBU: Tundu la USB la PS2 ni la zamani, 1.1, lenye mwisho wa megabiti 12 kwa sekunde, kama megabaiti moja na nusu. Kisomaji chake cha DVD kinafika megabaiti 5 na zaidi. Video zinategemea kasi hiyo, kwa hiyo kununua flashi ya bei kubwa hakutasaidia. Kama PS2 yako ni nene, tafuta adapta ya mtandao ya nyuma na diski ngumu ya IDE. Kama ni nyembamba, adapta ya MX4SIO inayoingia tundu la kadi ya kumbukumbu hupunguza kukwama, ila haiondoi kabisa. Gemu ikikataa kufunguka na kulalamika kuhusu vipande, fomati flashi upya na unakili faili moja baada ya nyingine, kwa sababu faili lazima likae mfululizo. Umefanya vizuri kutumia diski zako mwenyewe. Kuuza nakili za gemu za watu kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shiriki ya Uganda ya 2006.

SWALI: Nimenunua Xbox 360 iliyotoka Marekani. Plagi nikibadilisha, itawaka? — Busia

JIBU: Usichomeke bado. Geuza tofali la umeme, yaani adapta kubwa iliyo kwenye waya, usome. Ikiandikwa 100–127V, umeme wetu wa volti 240 utalipasua. Nunua tofali la volti 200–240 la modeli ileile, kwa kuwa vichwa vya waya vinatofautiana kati ya modeli, au transfoma ya kushusha ya wati 300 au zaidi. PS4 haina shida hiyo: mtambo wake unapokea 100 mpaka 240, waya tu ndio unabadilishwa.